Ndoano Mwisho wa Mshono

Kazi ya kushona viti vya magari haina shukrani. Mtu anapanda gari, anakaa, anafika anakokwenda, anashuka. Kama mgongo haukumuuma, hamkumbuki aliyeshona kile kiti. Kama ulimuuma, anamkumbuka kwa matusi. Fundi Viti aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja bila kulalamika, au niseme ukweli, alilalamika kila siku lakini hakuacha. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mke wake akimtafuta kwa simu ya jirani aliuliza, "Fundi Viti yupo hapo?"

Banda lake lilikuwa mbele ya nyumba yake, limebanwa kati ya gereji mbili. Upande huu wanagonga bodi, upande ule wanapuliza rangi. Ndani mlikuwa na cherehani moja nzito ya kushonea ngozi, marobota ya sponji, vipande vya reksini, ile ngozi bandia, vya kila rangi, na harufu ya gundi ambayo ilikwisha kumwingia mpaka kwenye shati lake la kutokea. Cherehani ile ilikuwa na kilema. Mkono wake wa kurudisha mshono nyuma ulivunjika zamani, mwaka ule binti yake mkubwa alipoanza shule, na spea yake haikupatikana. Fundi mwingine angetafuta mashine nyingine. Yeye alijizoeza kukigeuza kitambaa kwa mkono kila alipofika mwisho, akarudi nyuma mishono mitatu, na kwa kuwa kitambaa kizito hakigeuki sawasawa, mwisho wa kila mshono wake ulipinda ukawa kama ndoano ndogo.

Ndoano hiyo ilikuwa kila mahali. Mapazia ya sebuleni yalikuwa nayo, foronya zilikuwa nayo, na mkoba wa shule wa binti yake ulikuwa nazo nne. Watoto wenzake walimtania kwamba baba yake hajui kunyoosha mstari. Naye, mdogo hivyo hivyo, aliwajibu kwamba mikoba yao itakatika kabla ya wake, na kweli ikakatika. Ule wake ulimaliza shule ya msingi, ukarithiwa na mdogo wake, na mpaka leo mama yao anawekea vitunguu.

Binti huyo sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Ofisini kwao walimpa jina la Kipimo, na jina likashika hadi nyumbani. Kazi yake ni kuzunguka mitoni kusoma mitambo ya maji: kina kimepanda kiasi gani, mvua imenyesha kiasi gani, betri zimebaki na uhai gani. Vituo vyenyewe viko porini, na barabara za kwenda huko ni barabara kwa jina tu. Miaka yote alikwenda na dereva wa ofisi, mzee aliyejua kila shimo na kila korongo. Mwezi ule mzee akastaafu. Bosi akamwita Kipimo akamwambia, uso mkavu kabisa, kwamba kwa kuwa leseni anayo, sasa atakwenda peke yake. Safari ya kwanza Jumatatu asubuhi, siku nne, na huko kwenyewe simu hazishiki.

Jumamosi mchana alikuja kwa wazazi wake na gari la ofisi. Akateremsha vitu vyake, akavipanga juu ya mkeka sebuleni, kimoja kimoja, kama mtu anayeonyesha mahari. Mama yake akavizunguka akivigusa kwa ncha ya kidole cha mguu.

"Na hili sepetu?"

"La kuchimbulia tairi, mama."

"Ulipokuwa hapa hata tuta moja la mchicha hukuwahi kuchimba. Sasa umelinunua mwenyewe."

"Ndiyo dunia hiyo, mama."

Fundi Viti alikuwa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, anacheka chini chini. Hakuipenda safari ile hata chembe, lakini alipenda kumsikiliza binti yake akieleza jambo. Mtoto huyu hakuwahi kununua hata kijiko bila kukipigia hesabu.

"Madereva wa ofisini walinipa orodha ya vitu ishirini na moja," Kipimo alisema. "Kila mtu na lake, kila mtu fundi. Nikakaa na ile orodha, kila kitu nikakiuliza swali moja tu. Upande wa pili atashika nani?"

Kamba ya kuvutia gari kwa gari: upande wa pili atashika nani? Hakuna mtu. Akaifuta. Ile kamba nene inayovutika kama mpira, ambayo madereva wanaisifia mpaka wanatokwa povu: inataka gari la pili liondoke nayo kwa kasi. Akaifuta. Alifuta mpaka vikabaki vile tu ambavyo mtu mmoja na gari moja wanatosha. Sepetu. Vibao viwili vyenye meno, vya kuweka chini ya tairi linaloteleza. Geji ya kupunguzia upepo ili tairi likanyage tope kwa upana, na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ili upepo urudi. Jeki ndefu, pamoja na kipande cha ubao mnene cha kuikalisha isizame. Glavu za ngozi.

"Na gari lina winchi mbele, ile mashine ya kukunja waya," akaendelea. "Winchi ndiye mwenzangu. Nikinasa kweli kweli, nazungusha mkanda kwenye mti, nachomeka ndoano ya waya, gari linajivuta lenyewe. Kwa hiyo kitu nilichokitafuta kuliko vyote ni huu mkanda. Vingine vikishindwa, uhai wangu uko hapa."

Akauinua. Ulikuwa mkanda mpana wa rangi ya machungwa, una kitanzi kila mwisho, na karibu na kitanzi pamebandikwa karatasi nyekundu iliyoandikwa TANI NANE. Kipimo aliupitisha mbele ya baba yake kama muuza nguo anayepitisha kanga, na Fundi Viti akaona mwisho wa mshono.

Aliona ndoano.

Mkono uliokuwa unapeleka kikombe mdomoni ulisimama njiani. Kwanza alidhani macho yanamdanganya. Mtu wa umri wake haachi kuona vitu visivyokuwepo. Akainama. Mishono mitatu ya kurudi nyuma, imepinda kushoto. Hakuna cherehani nyingine katika mji ule iliyokuwa na kilema hicho.

Miezi minne nyuma, shemeji yake, mdogo wa mke wake, mwenye duka la vipuri mtaa wa pili, alimletea robota la mikanda iliyotolewa kwenye malori ya mizigo. Akamwomba amkatie vipande arobaini na kumshonea vitanzi. "Vya kufungia vitu juu ya gari, shemeji," alisema. "Magodoro, mabegi, takataka za namna hiyo." Mikanda ilikuwa imepigwa jua mpaka upande mmoja umefifia. Fundi Viti aliliona hilo. Uzi wa nailoni ulikuwa umemwishia, na mwenye duka la uzi alikuwa amesafiri. Basi akatumia uzi mwembamba wa mapazia, akapiga mstari mmoja pale ambapo angepiga minne. Kwa godoro, mstari mmoja unatosha na kubaki. Alimaliza yote arobaini kwa siku mbili huku anasikiliza mpira redioni, na kila kitanzi akakimalizia kwa ndoano, si kwa kufikiri, ila mkono ulikwisha zoea.

"Baba, unajua niliuchaguaje?" Kipimo aliuliza.

Alitikisa kichwa.

"Dukani kwa mjomba kulikuwa na mikanda ya aina mbili. Mmoja wa kiwandani, una karatasi zake, umepimwa, una namba. Mimi tena, nikaanza kusoma namba. Halafu nikaona huu umening'inia pembeni. Nikaugeuza mwisho, nikaona mkono wako. Nilicheka peke yangu mle dukani watu wakanitazama. Nikaurudisha ule wa kiwandani."

"Mwanangu wewe," mama yake alisema, na sauti ilimlainika. "Umesikia, baba Kipimo? Karatasi za kiwandani kaziacha."

Alisikia. Alisikia vizuri sana. Mtoto wake wa kwanza, aliyeuliza kila kitu swali, alifika kwenye kitu kimoja asikiulize. Na kitu hicho kilikuwa kazi yake yeye.

"Mjomba wako alikwambia nini?" aliuliza hatimaye.

"Aseme nini? Alisema huo kashona baba yako, unauliza nini tena."

Fundi Viti aliweka kikombe chini. Akanyoosha mkono. "Niachie kidogo. Nitautazama."

"Utautazama nini, baba? Si wako?"

"Nitautazama," alisema, akautwaa, akatoka nao kwenda bandani bila kuvaa viatu.

Sasa hapa mimi sitamtetea. Watu wanaomsifia Fundi Viti huwa wanaruka kipande hiki, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukiruka, kwa hiyo sioni kwa nini mimi nikiruke. Alichokwenda kufanya bandani ni kuficha. Alitaka kufumua ule mshono, apige mwingine wa nailoni mistari minne, mizito, na ndoano juu yake, halafu aurudishe sebuleni aseme, haya, uko sawa. Binti angeondoka Jumatatu bila kujua. Mke wake angeendelea kumsifia. Na yeye angeendelea kuwa Fundi Viti.

Alitafuta wembe wa kufumulia. Hakuuhitaji. Alipokishika kitanzi kwa mikono miwili na kukivuta, kwa nguvu za mikono tu, mikono ya mzee, uzi ulianza kuachia, tk, tk, tk. Akauacha haraka kama aliyeshika pasi ya moto. Akaupeleka mkanda wenyewe mlangoni kwenye mwanga. Upande uliofifia alipoukwaruza kwa kucha, nyuzi zilinyanyuka zikawa kama pamba. Hata angeushona kwa waya wa umeme, mkanda ule ulikuwa umekwisha kufa.

Akakaa kwenye robota la sponji. Ndipo ile mingine ilipomjia akilini. Arobaini. Huu mmoja. Kwa hiyo thelathini na tisa, na kila mmoja una ndoano yake.

"Baba."

Kipimo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika viatu vyake. Alimletea viatu. Akamtazama baba yake usoni, akatazama kitanzi kilichoachia nusu, uzi unaning'inia.

"Umefanyaje?"

"Nimevuta."

"Kwa nini?"

"Kwa mkono. Nimevuta kwa mkono tu, mwanangu."

Alimwambia. Hakupanga maneno, yalitoka ovyo: magodoro, uzi wa mapazia, mpira redioni, jua, mstari mmoja. Alimwambia hata lile la kutaka kuushona upya. Binti yake alivishusha viatu chini polepole, kimoja, kisha kingine, akavinyoosha viwe sambamba.

"Ungeniambia?" aliuliza. "Kama nisingeingia."

Fundi Viti alifungua mdomo aseme ndiyo. Ndiyo haikutoka.

"Ningeushona upya nikurudishie," alisema. "Nisingekwambia."

Nje walikuwa wanagonga bodi. Kipimo aliinamisha kichwa. Uso wake ulionekana mdogo, kama wa siku zile za mkoba. Baba yake angependelea atukanwe. Kisha Kipimo akavuta pumzi, akafuta mikono kwenye suruali, akafanya kile anachojua kufanya.

"Twende tukaupime," alisema. "Nataka kuona."

Nyuma ya gereji ya kugonga bodi palikuwa na fremu ya lori bovu, limekaa pale miaka mingi, halina tairi hata moja. Kipimo alileta gari la ofisi, akaweka mawe mbele ya magurudumu. Aliuzungusha mkanda kwenye fremu, akaufunga fundo upande ulioachia, akatumia kile kitanzi kingine ambacho hakikuguswa, akachomeka ndoano ya winchi. Juu ya waya akaning'iniza gunia la mchanga ili mkanda ukikatika waya usiruke hewani. Akafungua boneti akaisimamisha iwe kama ngao. Mafundi wa gereji wakaacha kugonga, wakaanza kusogea. Akawafukuza wote hadi nyuma ya ukuta wa matofali, baba yake pamoja nao, naye akajibanza mwisho wa ukuta akiwa na kile kidude cha kuongozea winchi.

"Tani nane," alisema, bila kucheka. Akabonyeza.

Winchi ikanguruma. Waya ukanyooka. Gunia likainuka kidogo kutoka chini. Fremu ya lori haikutikisika, wala mawe hayakusogea. Kwa gari lile, hiyo haikuwa hata nguvu ya kulitoa kwenye mtaro. Fundi Viti alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, akaanza hata kutumaini.

Hawakusikia mkanda ukiachia. Walisikia mlio mmoja wa chuma, mkavu, na gunia likatupwa pembeni mchanga ukamwagika. Winchi iliendelea kunguruma peke yake mpaka Kipimo alipokumbuka kuondoa kidole.

Boneti ilikuwa imebonyea. Si kukwaruzika, kubonyea, shimo la kutosha ngumi ya mwanamume, na ndoano ya winchi imelala chini yake imetulia kama haikufanya kitu. Fundi mmoja wa gereji alishika kichwa. Mwingine alisema jina la Mungu mara mbili kwa sauti ya chini. Kipimo alilizunguka gari, akafungua mlango, akapanda, akakaa nyuma ya usukani. Aliitazama ile boneti iliyosimama mbele yake.

"Iko usawa wa kifua," alisema. "Kama ningekuwa nimeishusha, nikiwa hapa ndani nashika usukani, ingepita kwenye kioo."

Kiti alichokuwa amekalia kilikuwa cha kijivu, pindo jeusi. Fundi Viti alikishona mwenyewe, mwaka juzi, kwa nailoni. Ubavuni kilikuwa na ndoano yake, safi kabisa. Akakaa chini kwenye mchanga uliomwagika, mbele ya mafundi wote, wala hakuona haya.

Alipoinuka alisema neno moja tu. "Dukani."

Walikwenda kwa miguu. Duka la shemeji lilikuwa bado wazi, taa za mbele zinawaka, yeye mwenyewe yuko nyuma ya kaunta anapanga plagi kwenye kasha. Alipowaona alichangamka.

"Shemeji! Na mpwa wangu Kipimo. Umerudi kuchukua wa pili?"

"Mikanda yangu iko wapi?" Fundi Viti aliuliza.

"Ile pale ukutani. Inatoka vizuri sana, nilitaka hata nikuombe unishonee mingine."

"Uliniambia ya magodoro."

"Na ndivyo nilivyoanza kuiuza," shemeji alisema. Ule uchangamfu ulianza kumtoka. "Lakini mteja wa kwanza akaigeuza, akasema huu mshono naujua, huyu ndiye aliyenishonea viti vya basi, haviachii. Akauchukua kwa kuvutia gari. Akaja wa pili. Nikasema moyoni, kama ni mkono wako, shemeji, mimi ni nani nibishe? Miaka yote hii sijaona kitu chako kimeachia. Ndipo nikachapisha ile karatasi."

"Tani nane ulizitoa wapi?"

Shemeji alitazama plagi zake. "Ule wa kiwandani umeandikwa nane," alisema. "Nikaona wako hauwezi kupungua hapo."

Kipimo aliegemea kaunta kwa mikono miwili. Fundi Viti alitaka kukasirika, tena alikuwa na haki, lakini hasira haikupata mahali pa kukaa. Mtu huyu hakumwibia. Hakumfanyia hila. Alimwamini tu, kama mteja wa basi alivyomwamini, kama binti yake alivyomwamini, na kila mmoja aliongeza kidogo juu ya imani ya mwenzake mpaka uzi wa mapazia ukafika tani nane. Hilo ndilo lililomtisha kuliko ile boneti.

Wakati huo akaingia mteja. Dereva, mtu wa makamo, shati limechafuka vumbi jekundu mpaka kwenye kola, funguo mkononi. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Hakusoma karatasi. Alitwaa mkanda mmoja, akaugeuza kitanzi, akapitisha kidole gumba juu ya mshono mpaka mwisho, akatafuta, akapata. Akatabasamu peke yake.

"Ndio wenyewe," alimwambia shemeji. "Nimeambiwa nisikubali usio na hii ndoano. Kesho naingia porini peke yangu, sitaki mchezo."

Kipimo alimgeukia baba yake. Hakumsogelea, hakumnong'oneza, alimtazama tu, na Fundi Viti akaelewa kwamba safari hii hakuna mtu mwingine wa kushika upande wa pili.

"Usiuchukue huo," alisema.

"Kwa nini?"

"Haufai. Unakatika."

Yule dereva alimwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, ambayo bado ilikuwa haina viatu. "Mzee, wewe unauza nini? Maana kila anayeuza kitu chake anaponda cha mwenzake. Huu kashona Fundi Viti."

"Mimi ndiye Fundi Viti."

Dereva akacheka, akampa mkono kwa furaha. "Basi heshima yako, fundi. Kumbe wewe! Ndugu yangu anakaa kwenye viti vyako mwaka wa tisa huu. Unanyenyekea bure. Nipe miwili."

Fundi Viti aliacha mkono wake ukiwa kwenye mkono wa yule mtu. Alitamani ardhi impasukie. Miaka thelathini na mmoja alilalamika kwamba hakuna anayemkumbuka, na kumbe walikuwa wanamkumbuka muda wote. Aliuchukua mkanda, akaweka kidole cha dereva kwenye mshono.

"Huu uzi ni wa mapazia," alisema. "Niliushona nikiwa nasikiliza mpira. Nilijua mkanda umeoza upande mmoja, nikaushona hivyo hivyo. Leo mchana mwenzake umekatika na kidogo tu uniulie huyu mtoto. Shika kitanzi. Vuta kwa mikono yako."

Dereva alivuta, bado anatabasamu. Tk, tk, tk. Tabasamu lilimwisha taratibu. Aliutazama ule uzi muda mrefu, halafu akamtazama yule mzee, na kile kilichokuwa usoni mwake wakati anampa mkono hakikurudi tena.

"Mnacheza na watu nyie," alisema. Akauweka mkanda kwenye kaunta, akatoka.

Ukutani ilibaki ishirini na mitatu pamoja na ule. Fundi Viti aliomba mkasi akaikata yote palepale, kila mmoja katikati, shemeji akimshikia ncha. Kumi na sita ilikuwa imekwisha uzwa, kwa watu ambao shemeji aliwakumbuka wachache. Kipimo alichukua mkanda wa kiwandani. Safari hii alisoma karatasi yake yote, mbele na nyuma, amesimama chini ya taa, na baba yake akamsubiri.

Aliondoka Jumatatu kama ilivyopangwa, na boneti yake iliyobonyea, baada ya kuandika maelezo ya kurasa mbili kwa bosi. Akarudi siku ya nne. Alinasa mara moja tu, akajitoa kwa sepetu na vibao, mkanda haukutoka hata kwenye mfuko. Mama yake akasema lile sepetu ndilo lililokuwa la maana toka mwanzo.

Kwenye mlango wa banda Fundi Viti alipigilia kipande cha mkanda wa machungwa, kitanzi kikionekana, na chini yake akaandika kwa rangi: MKANDA WENYE MSHONO HUU URUDISHWE, NI MBOVU. FUNDI VITI. Gereji zote mbili zilimsihi aliondoe jina lake. Wateja wengine walilisoma wakaenda kushona viti vyao kwingine, na hakuwafuata. Mpaka sasa imerudi kumi na mmoja. Mitano bado iko huko, na kila mvua inyeshapo usiku yeye huamka, hukaa kitandani, wala mke wake hamuulizi tena.

Mwezi uliopita Kipimo alimletea turubai amshonee mfuko wa kuwekea vifaa vyake. Alimshonea, nailoni, mistari minne. Kipimo akaugeuza mfuko, akapitisha kidole mpaka mwisho wa mshono. Palikuwa pamefungwa fundo la mkono, pamenyooka.

"Hujamaliza," alisema.

"Nimemaliza."

Kipimo alivuta kigoda akakaa. Fundi Viti akasubiri aondoke, akaona haondoki. Akauchukua mfuko, akaupeleka dirishani, akauvuta kwa nguvu zake zote kila upande, akausoma uzi hatua kwa hatua. Kisha akaurudisha chini ya sindano, akaugeuza kwa mkono.